Muulize Shangazi wa Ziwani: Mnaotaka kulala kwenye mabanda ya Gombe na Mahale

Mwakeye wanangu! Na nyie wa Tabora hamjambo huko kwenye maembe. Mwezi huu barua karibu zote zinazungumza jambo moja, kulala msituni, sijui nani kawaambukiza ila mie nimefurahi sana maana miaka nenda rudi watu wanatoka Marekani na Japani kuja kulala kwenye milima yetu halafu sisi wa hapa hapa Kigoma tunaiona kwa mbali tukiwa kwenye boti tunaenda msibani. Nimepunguza salamu kwenye barua zenu, msinune, nafasi haitoshi.

Shangazi shikamoo. Tuko vijana watano wa Urambo, tumbaku mwaka huu imetulipa kidogo tukasema badala ya kuimalizia baa twende Mahale mwezi wa nane tulale kwenye yale mabanda siku tatu tuone sokwe. Hakuna aliyewahi kufika. Tunapita wapi, tunabeba nini, huko kuna duka au hata banda la chipsi? Na gaidi mzuri tutampataje? (Wana tumbaku, Urambo)

Marahaba wanangu, na hongereni kwa kuziokoa hizo hela. Kwanza hilo neno. Mnafika kwenye hifadhi ambako askari ana bunduki begani halafu mnauliza gaidi yuko wapi, mtaniletea kesi mimi uzeeni. Semeni muongozaji, au askari wa hifadhi, na hamna haja ya kumtafuta mjini, atapangwa huko huko mkishalipa.

Duka hakuna, chipsi hakuna. Mahale ndani haina hata barabara, hifadhi nzima kilomita za mraba 1,613 ni miguu na boti tu, sasa hizo chipsi zitapita wapi. Hapo ndo watu wengi wanapokosea, wanapanga habari ya sokwe miezi miwili, wanapiga mahesabu ya picha, habari ya tumbo wanaikumbuka wakiwa tayari kwenye maji. Mabanda ya hifadhi yako Kasiha, kama kilomita 10 kusini ya makao makuu pale Bilenge, yako ndani ya miti kabisa na ziwa liko hatua chache. Kitanda mtakikuta, jiko la pamoja la kupikia lipo na vyombo vipo, lakini chakula kila punje mnabeba wenyewe kutoka Kigoma mjini.

Njia sasa. Toka Urambo mnakuja Kaliua, Uvinza, mpaka Kigoma, kwa basi au treni, mwisho wa reli mnashuka mnalala usiku mmoja mjini mnafanya manunuzi. Kuna ofisi ya habari za hifadhi hapo mjini, pitieni mapema, na kabla hata hamjatoka Urambo pigeni simu kuulizia nafasi maana vyumba ni vichache, mkikuta kundi la wageni limejaza hakuna mtakapokwenda. Malipo ni kwa control namba, hakuna kushikana hela mkononi, na mbebe vitambulisho vya NIDA kwa sababu bei ya Mtanzania ni ya shilingi na iko chini mno ukilinganisha na ya mgeni. Maliza kulipa ukiwa mjini. Usiseme ntalipa nikifika, huko mtandao ni wa kubahatisha utabaki unanyanyua simu juu kama unaomba mvua.

Kutoka Kigoma kwenda Mahale ni zaidi ya kilomita 100 kuelekea kusini. Meli ya Liemba, ile ya Mjerumani iliyotengenezwa 1913, ikiwa kazini inasimama Lagosa ambako wengine mnapaita Mugambo, inasimama majini huko mitumbwi inaifuata kuchukua watu, ila ulizeni bandarini kwanza kama iko kazini maana na yenyewe ni bibi kizee. Njia nyingine ni barabara ya Simbo, mnavuka Malagarasi pale Ilagala, mnashuka mpaka Lagosa halafu mnakodi boti kipande kilichobaki. Au mnakodi boti moja kwa moja Kigoma mpaka Kasiha, hii ndo inakula hela, petroli ya kwenda na kurudi ni yenu, lakini mko watano mkigawana inavumilika, na mkipata wengine wawili watatu wa kuchangia ndo bora zaidi. Chochote mtakachopanda, laifu jaketi kila mtu na ya kwake mwilini, sio za kukalia. Na muondoke alfajiri. Mwezi wa nane ni upepo wa kusi, ukichelewa mpaka saa tano mchana ziwa linakuwa limeshaamka na mawimbi yake sio ya kuchezea, watu wa bara mnadhani ziwa ni bwawa, hili lina kina mpaka mita 1,470.

Kwa upande wa msimu mmechagua vizuri kuliko mnavyojua. Kuanzia kama mwezi wa saba mpaka wa kumi sokwe wa Mahale wanashuka sana maeneo ya chini karibu na ziwa, mnaweza kutembea saa moja mkawakuta. Masika wanapanda juu, unawatafuta kwenye utelezi mpaka unawachukia.

Chakula. Mchele, unga, maharage ya kuchemsha kabisa mjini mbebe kwenye chombo yaliwe siku ya kwanza, vitunguu, viazi, mawese chupa moja, majani ya chai, sukari, ndimu. Dagaa wa Kigoma waliokauka vizuri ndo mboga ya msituni, wepesi, hawaozi, dakika kumi wako tayari. Ila mkumbuke serikali siku hizi inafunga uvuvi ziwani, mwaka 2024 walifunga kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, kwa hiyo mkija mwanzoni mwa mwezi wa nane mnaweza kukuta dagaa wako juu kama dhahabu, agizeni mapema kwa mtu. Na msije na ndoano mkidhani mtajilisha, ule ukanda wa maji mbele ya Mahale kilomita 1.6 kuingia ziwani nao ni hifadhi, hakuna kuvua. Kilo moja ya mchele kwa vijana watano walioshuka mlimani ni chakula kimoja tu na sufuria mtakwangua, msipige hesabu ya nyumbani.

Na chumvi. Mie mara ya kwanza kwenda kupikia wageni Kasiha nilibeba kila kitu mpaka kungumanga, chumvi nikaisahau mezani nyumbani, siku tatu watu wanakula maharage wananiangalia tu. Nyie mtapita Uvinza ambako chumvi inachemshwa tangu enzi za mababu wa mababu, mkifika Kasiha hamna chumvi msimwambie mtu mnanisoma.

Vingine haraka haraka: tochi ya kichwani kila mtu, paua benki, viberiti viwili vikae kwenye mifuko tofauti, koti la mvua hata kama ni kiangazi, dawa ya kutibu maji, dawa ya mbu na ya kinga ya malaria mkaulize hospitali kabla ya safari sio siku ya safari. Viatu ni raba zenye meno au buti, yeboyebo zibaki za bafuni. Nguo nyeusi na bluu iliyokolea acheni, ndorobo anazipenda rangi hizo, vaeni kaki au kijani kilichopauka. Soksi ziingie juu ya suruali maana siafu wa kule hawabishi hodi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 kwa hiyo pakieni kwenye vikapu na ndoo, na takataka zenu mnarudi nazo.

Shangazi, mimi ni mwalimu huku Kasulu. Likizo iliyopita tulienda na walimu wenzangu kulala kwenye kibanda cha mbao cha mtu juu milimani, baridi ikatuzidi tukaingiza jiko la mkaa ndani tukafunga madirisha. Usiku wa manane wote wanne tukaamka vichwa vinagonga, mmoja akatapika, mwingine akaanguka mlangoni. Asubuhi tukapimwa malaria hakuna. Wenyeji wakasema tumelogwa. Tumepanga kurudi, nifanye nini? (Mwalimu, Kasulu)

Mwalimu wangu, barua yako nimeisoma mara tatu mikono inatetemeka. Hamkulogwa. Mlikuwa mnakufa.

Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haikufanyi ukohoe, ndo ubaya wake, kuni zenye moshi angalau zinakufukuza nje mwenyewe lakini mkaa uliokolea mwekundu mzuri unaonekana mpole. Hewa hiyo ukiivuta inaingia kwenye damu inakalia kiti cha oksijeni, na inang'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, kwa hiyo unahema vizuri tu ila mwili haupati kitu. Kinaanza kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, halafu usingizi mzito ambao wengi hawaamki. Aliyeanguka mlangoni ndo aliwaokoa kama mlango ulifunguka hapo.

Watu wanachanganya na malaria kwa sababu dalili zinafanana, sasa shika hii: malaria haiwapigi watu wanne chumba kimoja saa moja ile ile, na wala huwezi kupata nafuu kwa kutoka nje tu. Mkiona wote mnaumwa kichwa ghafla na kuna moto ndani, tokeni wote kwanza, habari ya kuvaa viatu baadae, jiko litolewe na mtu aliyebana pumzi kama inawezekana, kama haiwezekani liache huko huko. Aliyezimia mbebeni nje kwenye hewa na apelekwe hospitali hata akizinduka, wamwambie daktari neno mkaa, asije akaandikiwa dawa za malaria. Yale mambo ya kunywesha maziwa ni hadithi, maziwa yanaenda tumboni, sumu iko kwenye damu. Na sufuria la maji kuwekwa juu ya jiko ati linanyonya hewa mbaya, hilo nalo halisaidii chochote, wala dirisha kuachwa wazi kidole kimoja sio kinga ya kuamini. Mtungi mdogo wa gesi ni vile vile, kupikia nje au jikoni, kulala nao hapana.

Sasa baridi mtaikabili vipi maana huko juu ipo kweli. Kwanza baridi ya usiku inatokea chini zaidi kuliko juu, watu wanajifunika mablanketi matatu juu huku godoro ni kipande kimoja chembamba, tandika blanketi moja chini yako utaona tofauti. Nguo uliyotembea nayo mchana ina jasho, ivue yote mpaka soksi, vaa kavu za kulalia ambazo hazikutoka kwenye begi mchana kutwa. Kofia ya sufu kichwani. Kula kitu cha maana kabla ya kulala, ugali na dagaa wa mawese unakuchemsha mpaka saa nane usiku. Halafu chupa ya maji, hii niliona kwa mgeni mmoja nikaiba ujuzi, unachemsha maji unayatia kwenye chupa ngumu ya aluminiamu inayofungwa vizuri unaivisha soksi unailaza miguuni, asubuhi ni ya vuguvugu unanawia uso. Moto wa kuota upo nje, mnaota mnapiga stori, mkichoka mnauzima kwa maji mnaingia ndani.

Rudini, milima haina kosa. Jiko ndo lina kosa.

Shangazi mie na mume wangu tuna watoto watatu, miaka 7, 10 na 13, tunakaa Mwanga hapa Kigoma. Desemba tunataka kuwapeleka Gombe au Mahale walale kwenye banda waone sokwe. Ipi ni bora? (Mama wa watatu)

Kwa hao watoto, bado, yaani kwa kuona sokwe. Mahale chini ya miaka 12 hawaendi kwa sokwe na Gombe umri wao uko juu zaidi ya hapo, ulizia getini kabla hujamwahidi mtoto kitu halafu ukalia naye ufukweni. Sababu sio ukatili, watoto wana mafua kila wiki na sokwe wanayapata, nimeandika hapo chini. Halafu Desemba ni mvua mama, njia za Gombe ni makorongo na miteremko, mtoto wa miaka saba utambeba mgongoni na utelezi ule.

Ningekuwa mie ningewaanza watoto karibu. Kule upande wa Katonga ufukwe wa Jakobsen watu wanalala kwenye tenti, kuna pundamilia wanazunguka, msitu kidogo upo, mtoto akiumwa usiku mjini ni karibu. Wakizoea giza na sauti za usiku ndo uwapandishe daraja. Yule wa 13 akifikisha umri nenda naye Gombe peke yake, ni zawadi nzuri kwa mtoto kwenda na mama bila wadogo zake.

Gombe yenyewe kwa mtu mzima wa mjini hapa ni rahisi kufika kuliko Mahale, ni ndogo mno, kilomita za mraba kama 52 tu, kilomita 16 kaskazini ya mji. Boti za abiria zinaondoka Kibirizi mchana zinaelekea Mwamgongo zinakushusha Kasekela, zinarudi asubuhi yake mapema, kwa hiyo ukipanda boti ya abiria kulala ni lazima utake usitake. Beba mto wa kukalia, zile mbao hazina huruma na utakaa na magunia na mbuzi wa watu.

Shangazi nyani wa Gombe wametuibia ugali wote pamoja na sufuria! Tulitoka dakika mbili tu. Nani analipa? (Wenye njaa, Ujiji)

Nyie wenyewe. Dakika mbili kwa nyani ni muda wa kula, kunawa na kupumzika. Pale Kasekela madirisha yamewekwa nyavu za waya sio kwa urembo, mnatakiwa mfunge mlango kwa komeo kila mkitoka hata kama ni kwenda kuchota maji, na kula mle ndani. Nyani anajua kusukuma mlango, anajua zipu, anajua begi lipi lina ndizi. Akishika kitu msimvutie, muachie, meno yake ni marefu kuliko ya mbwa, na msimcheke ukamuonyesha meno yako maana kwao hiyo ni kutangaza ugomvi. Sufuria muulizeni askari, mara nyingi wakishalamba wanalitupa kichakani.

Shikamoo shangazi. Nina safari ya Mahale wiki ijayo nimeshalipa kila kitu, nimepata mafua ya kawaida tu na kikohozi kidogo. Nikivaa barakoa si naruhusiwa? (Dada wa Gungu)

Marahaba. Hapana, usiende kwa sokwe. Najua inauma ushalipa. Lakini sokwe ni ndugu wa karibu mno na magonjwa yetu ya kifua yanawaingia kama yanavyotuingia sisi, tofauti ni kwamba wao hawana zahanati. Mwaka 2006 kundi la M kule Mahale, hilo hilo unaloenda kuliona, ambalo Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamelifuatilia tangu miaka ya sitini, lilipigwa na ugonjwa kama mafua na sokwe wakafa. Barakoa ni kwa ajili ya watu wazima wa afya, sio ya kumficha mgonjwa. Ndo maana kuna masharti yale, wageni wasiozidi sita kwa mara moja, saa moja tu mnaondoka, mita 10 mnakaa mbali hata kama yeye anakusogelea wewe unarudi nyuma, hakuna kula mbele yao, hakuna kutema mate.

Piga simu omba wakusogezee tarehe. Wakikataa nenda ukalale kwenye banda, utembee ufukweni, ulale mchana, mafua yanapenda usingizi.

Shangazi, mie mwanafunzi wa chuo natokea Buhigwe, nataka kupanda mpaka kilele cha Mahale. Nimezoea milima ya kwetu, nikitoka asubuhi si narudi jioni? (Miguu chuma)

Kilele kinaitwa Nkungwe, mita 2,462. Ziwa liko mita kama 773, kwa hiyo unapanda karibu mita 1,700 kwa miguu kupitia msitu mnene, mianzi, mpaka majani matupu juu. Watu huchukua siku mbili au tatu na askari mwenye silaha, unalala kwenye tenti njiani, banda huko juu hakuna. Joto linashuka nyuzi kama sita kila mita 1,000, maana yake wakati wenzio Kasiha wanatoa shati wewe uko kwenye nyuzi kumi pungufu, na ukungu juu yake, kwa sababu ule mlima unasimama ghafla pembeni ya ziwa unakamata unyevu wote unaopanda. Usibebe maharage mabichi, huko juu maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi na maharage yatakukejeli usiku kucha. Miguu chuma nimekubali, ila na sweta.

Shangazi nataka kwenda Mahale na kikundi chetu cha kina mama wa vikoba, mume wangu hataki, anasema kule kuna mizimu na mwanamke halali msituni. Nimwambieje? (Mama Vikoba, Tabora)

Mwanangu mambo ya ndani siingilii sana lakini hili nalijibu. Mizimu, Watongwe waliishi kwenye ile milima kabla haijatangazwa hifadhi 1985, na wana heshima zao na maeneo yao, mie nikifika huwa sipigi kelele wala siokoti kitu nisichokijua, sipungukiwi na chochote kwa kufanya hivyo. Askari wengi wanatokea vijiji vya jirani, ukiwauliza kwa adabu watakwambia wapi ni wapi.

La mwanamke kulala msituni, mwambie hivi. Mwaka 1960 Jane Goodall alikuja Gombe akiwa na miaka 26, wakubwa wa kikoloni hapa wakakataa binti alale msituni peke yake wakamwambia lazima aje na mtu. Akaja na mama yake mzazi. Wakalala kwenye tenti, wakaugua malaria wakapona, na binti akaendelea na kazi ya hao sokwe mpaka kafariki Oktoba 2025 ana miaka 91. Sasa mumeo kama roho haitulii basi na yeye aje, na akiogopa aje na mama yake.

Utani tu, usimsomee hiyo ya mwisho. Mpe ratiba iliyoandikwa, jina la mwenye boti, namba ya ofisi ya hifadhi, siku ya kurudi, na umwambie siku moja iongezwe juu kwa ajili ya upepo maana ziwa likichafuka hamrudi siku mliyosema na asianze kupiga simu kwa ndugu. Wanaume wengi wanasema mizimu wakimaanisha sijui utarudi lini.

Shangazi hili naona aibu kuuliza. Usiku kwenye banda nikibanwa je? Nimesikia kuna chui. (Muoga, Kigoma mjini)

Aibu ya nini, ndo swali la maana kuliko yote mwezi huu na kila mtu anajifanya halimhusu. Chui yupo Mahale, kumuona ni bahati kubwa lakini yupo. Kama banda lako lina choo humo humo unashukuru unalala. Kama choo ni cha nje, kwanza punguza chai baada ya saa moja usiku, hilo dogo tu linasaidia. Nenda kabla ya kulala wote kwa pamoja. Ukibanwa katikati ya usiku muamshe mwenzio, muwashe tochi, msimame mlangoni mmulike kulia na kushoto na chini, angalia macho yanayorudisha mwanga na angalia nyoka hapo unapokanyaga, ongeeni kwa sauti ya kawaida ndo mtoke, msikimbie. Usiende kuelekea ziwani hata kama kuna mbalamwezi imependeza, viboko na mamba huwa wapo. Viatu vikung'ute kabla ya kuvaa, nge anapenda joto la kiatu.

Mie binafsi kwa umri huu nabeba ndoo ndogo ya rangi iliyoisha, naiweka pembeni ya kitanda, asubuhi naitoa mapema kabla wenzangu hawajaamka. Nunua yenye mfuniko unaobana.